Mahindi ya kaka na sembe ya dukani

Februari mwaka jana kaka yangu alinipigia simu kutoka kijijini, wilaya ya Itilima. Si mtu wa kuomba. Alizunguka kwanza, akaulizia watoto, akaulizia mvua ya huku Bariadi mjini kana kwamba tunaishi nchi nyingine, mwisho akasema, "Dada, nisaidie hela ya madebe mawili ya mahindi. Ndani hakuna kitu." Nikamtumia kwa simu palepale.

Jioni nikitoka kazini nikapita dukani kuchukua sembe, kama kila wiki. Mfuko wa kilo tano, mweupe, una picha ya hindi lililonona. Nikiwa jikoni nasubiri maji yachemke ndipo nikasoma maandishi ya nyuma. Kiwanda kiko mkoa mwingine kabisa. Nikabaki nimeushika ule mfuko. Kaka yangu huyohuyo, Julai iliyokuwa imepita, alikuwa na magunia kumi na moja ya mahindi uani kwake.

Mzazi mwenzangu, leo nataka tuongelee mfuko huo.

Yale mahindi, kaka aliuza magunia saba kwa siku moja. Alikuwa na deni dukani, mtoto wake alikuwa amelazwa, na mlanguzi alikuja na lori mpaka mlangoni akiwa na hela mkononi. Gunia la mlanguzi lilikuwa lumbesa, ile tunayoijua wote: madebe sita yanajaa, kisha juu inashonewa kofia na la saba linaingia bila bei. Kwa magunia saba, hayo ni madebe saba ya bure, yaani gunia zima na zaidi. Kwa Sheria ya Vipimo gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini ukiwa na mgonjwa wodini na lori linaunguruma nje, nani atakumbuka sheria?

Kwa hiyo kaka aliuza Julai mahindi yakiwa na bei ya chini kuliko miezi yote ya mwaka, akanunua Februari bei ikiwa juu kuliko miezi yote, kwa hela yangu. Na mimi ambaye nilikuwa natafuta unga kila wiki nilimpa hela yangu mtu nisiyemjua. Tulikuwa ndugu wawili, mmoja ana chakula na mwingine anatafuta chakula, na hatukukutana.

Mwaka jana huo huo, Julai ilipofika, nilimwambia asiuze kabla hatujaongea. Mume wangu alicheka sana. "Sasa unataka kuwa mlanguzi?" Nikamwambia ndiyo, ila mlanguzi mwenye mizani.

Tulikubaliana hivi. Nachukua magunia manne Julai, kilo 100 kila moja, yamepimwa, kwa bei ya sokoni siku hiyo na kidogo juu yake, maana mlanguzi naye angetafuta faida yake. Novemba nachukua mawili mengine kwa bei ya Novemba. Yote yameandikwa kwenye daftari, hata kama ni kaka yangu tumbo moja. Hasa kwa sababu ni kaka yangu. Biashara ya ndugu bila daftari huishia kwenye kikao cha ukoo.

Nilichojifunza ni kwamba ile ahadi ya Novemba ilimsaidia kuliko zile hela za Julai. Mkulima mdogo huuza vyote kwa mpigo kwa sababu hajui kama kuna mtu atakayekuja tena. Akijua yupo, anaweza kusubiri. Kaka alilipa deni lake kwa yale manne, akabaki na ya kuuza na ya kula. Hakutajirika. Bati la jikoni bado linavuja. Ila magunia matano yalibaki ndani kwa ajili ya watoto wake.

Kwetu tuko watu sita, na magunia sita yametufikisha mbali kuliko nilivyotegemea, pamoja na nauli ya kuyaleta na hela ya kusaga. Kazi kubwa ni kuyatunza, na hapa sitaki mtu afanye mzaha. Mahindi na karanga visipokauka vizuri hushika ukungu wenye sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mimi hutumia kipimo cha chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi mpaka robo ya chupa, vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika, tikisa vizuri, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani, na yatandaze kwenye turubai, si chini kwenye udongo. Yakikauka, tia kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake. Wadudu hufa humo bila dawa yoyote.

Vita vya pili vilikuwa mezani. Nilisagisha dona, kwa sababu kukoboa ni kutupa kiini na pumba ambako ndiko kuliko na mafuta na vitamini nyingi. Mwanangu wa pili aliutazama ugali ule akauliza kama tumeishiwa. Watoto wa mjini wamejifunza kwamba chakula cheupe ndicho chakula cha wenye hela. Nilianza kwa kuchanganya nusu kwa nusu. Sasa anakula bila kuuliza, hasa kukiwa na dagaa wa Lamadi.

Kilichoniuma zaidi ni matobolwa. Mama yangu hutuletea kila mwaka, viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaushwa. Nilimwekea binti yangu kwenye mkoba wa shule, nikaja kuyakuta wiki nzima baadaye chini ya godoro. Wenzake walimwambia ni chakula cha kijijini. Nilitaka kumgombeza, kisha nikakumbuka kwamba wageni wakija nyumbani kwangu natoa mkate na soda, na michembe inabaki kabatini. Mtoto alinisoma vizuri.

Tukabadilisha sisi kwanza. Jumamosi asubuhi ni michembe ya kuchemshwa na karanga zilizotwangwa, na mgeni akija anaikuta. Bibi yao alipokuja niliwaambia wamuulize jinsi inavyotengenezwa. Wakajua tofauti: michembe hukatwa ikiwa mibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Bibi akapata wasikilizaji, jambo ambalo hapendi kulikosa. Sasa binti anataka kujua kama anaweza kuuza matobolwa shuleni. Sijamjibu.

Ukipata mkulima mwenye viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, mng'ang'anie. Vina lishe inayogeuka vitamini A mwilini, na mtoto wa chini ya miaka mitano anaihitaji sana. Vile na karanga au mafuta kidogo ili mwili uipate. Na vikikaushwa, kivuli ni bora kuliko jua kali, vivyo hivyo kwa nsansa na mboga nyingine za kukausha.

Nije kwenye dengu. Udongo wetu mweusi, ule unaonasa magari masika, ndio unaopenda dengu. Hupandwa mvua zikielekea kuisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Simiyu tunalima dengu na choroko nyingi, na sehemu kubwa huishia India. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwao, na Desemba ya mwaka huo ikaweka ushuru wa asilimia 30 kwenye dengu. Uamuzi umefanyika Delhi, anayeumia ni mama wa Maswa au Meatu mwenye magunia mawili. Sisemi tuache kuuza nje, hela ile ina kazi. Lakini nilipoangalia jikoni kwangu nilikuta maharage ya kutoka Kagera, na dengu hata punje moja haikuwemo. Nimelelewa katikati ya mashamba ya dengu na nilikuwa sijui kuzipika! Jirani ndiye aliyenifundisha: loweka usiku kucha, chemsha mpaka zilainike, unga kwa nyanya na kitunguu, ukipenda tui. Wali wa dengu sasa ni wa Jumatano.

Tahadhari moja, na msinichukie wauza mboga. Huku kwetu mgagani, mlenda na majani ya kunde huota au hupandwa pembeni ya pamba, wakati mwingine ndani yake. Pamba hupigwa dawa. Muulize anayekuuzia amechuma wapi na shamba lilipigwa dawa lini. Mteja wa kila wiki ana haki ya kuuliza hivyo, na atajibiwa ukweli kuliko mpita njia. Mama ninayenunua kwake kuna siku aliniambia, "Leo usichukue, subiri Ijumaa nitakuletea za bustanini." Tangu siku hiyo sijawahi kumwomba apunguze bei.

Najua wengine hamna kaka mwenye shamba. Mwenzangu mmoja kazini asili yake ni Kilimanjaro, hana ndugu Simiyu. Yeye na familia nyingine mbili wamechanga wakanunua mpunga kwa mkulima mmoja, wakakoboa pamoja, wakagawana kwa kilo. Asiye na hela ya gunia aanze na kisado, lakini anunue kwa mtu yuleyule, siku ileile. Na kwenye vikao vya wazazi, mnapojadili mchango wa chakula cha mchana, ambao tangu elimu bila malipo ianze 2016 umebaki mikononi mwetu, ulizeni mahindi ya makande yatanunuliwa kwa nani na mwezi gani. Shule inayonunua Julai kwa wazazi wake wenyewe inapata magunia mengi kuliko inayonunua Januari kwa hela ileile. Kwetu hoja hiyo ilikataliwa mara ya kwanza, kwamba hakuna stoo. Mara ya pili fundi mmoja mzazi akajitolea kutengeneza vichanja.

Februari mwaka huu kaka alipiga simu tena. Alianza vilevile, watoto hawajambo, mvua je, nikaanza kutafuta hela kwenye simu kabla hajamaliza. "Hapana dada," akasema, "nauliza tu. Msimu huu nataka kupanda viazi lishe nusu eka. Utachukua debe ngapi, niandike?"