Ndege dakika 3, Katuba hata moja

Pale Luano, kwenye uwanja wa ndege wa mji wetu wa Lubumbashi, moto una sheria. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka gari la zimamoto liweze kufika popote kwenye njia ya kurukia ndege ndani ya dakika 3. Makampuni makubwa ya madini nayo yana wazimamoto wao, ndani ya ua wao. Ndege inalindwa, shaba inalindwa.

Sasa njoo kwenye komini za mji: shuka Katuba, ingia Kenya, pita Kamalondo hadi Ruashi. Mama ambaye nyumba yake imeshika moto usiku amewekewa dakika ngapi? Hana hata moja. Ana majirani, ndoo, mchanga, na maji ya kisima cha jirani, ikiwa umeme wa kuyavuta upo. Pompie, wazimamoto wa mji, wakichelewa tunawatukana wao, vijana waliotumwa mikono mitupu, na wale waliowatuma tunawaita waheshimiwa.

Na tusidanganyane kwamba ni mapenzi ya Mungu. Jioni SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme, mshumaa unasimamishwa juu ya kopo. Mvua ikinyesha, babula, jiko letu la makaa, linaingizwa ndani. Umeme ukirudi, unarudi kwa kishindo, ndani ya waya uliofungwa kwa raba kwenye tawi la mwembe, waya mmoja unaolisha nyumba nne. Mbele ya duka, kadhafi, muuza mafuta wa mitaani, amepanga bidoni zake za mafuta hatua chache tu kutoka kwa mama anayekaanga mandazi. Polisi anapita, anachukua chake, anaendelea na safari. Nani katika mji huu hajayaona hayo?

Mwisho wake tumekwisha kuonyeshwa. Tarehe 12 Novemba 2017, treni ya mizigo ya SNCC, shirika la reli, iliyotoka hapa hapa Lubumbashi kuelekea Luena, ikivuta matangi 13 ya mafuta, ilianguka bondeni upande wa Lubudi na kuwaka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maelezo yalitoka haraka: walidandia kinyemela, treni ile haikuwa ya abiria. Kana kwamba asiye na tiketi hana mama wa kumlilia! Kwa nini watu wanadandia matangi ya mafuta katika nchi yenye reli tangu enzi za Wabelgiji? Swali hilo halikujibiwa kwa haraka ile ile.

Kabla yake kulikuwa na Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, wengine walikuwa kibandani wakitazama Kombe la Dunia. Zaidi ya 230 walikufa. Baadaye Mbuba, Kongo Central, 6 Oktoba 2018: angalau 50. Na malori ya namna ile ile yanapita kila siku kwenye barabara ya Kasumbalesa, katikati ya wauza ndizi na watoto wa shule.

Najua nitakachojibiwa: hata penye zimamoto, masoko yanaungua. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Dar es Salaam ina kikosi cha zimamoto. Soko kuu la Lusaka liliungua Julai 2017, na Lusaka nayo inacho. Kweli. Ndiyo maana sidai magari tu. Gari lisilo na maji ni lori jekundu. Niambie, msomaji: kwenye mtaa wako, bomba la kujazia gari la zimamoto liko wapi? Na hilo gari likija, litapita wapi, ikiwa barabara imejaa vibanda ambavyo komini yenyewe inavitoza ushuru?

Pesa? Usinichekeshe. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipatia jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 15 inakwenda kwa komini, sekta au miji yenye migodi. Juu yake kuna péage, ushuru wa barabara, inayolipwa na malori mchana na usiku. Mji unaoupa ulimwengu shaba na kobalti hauwezi kuomba huruma kwa sababu ya pampu na mipira ya maji.

Waheshimiwa wabunge wa Haut-Katanga, bajeti ijayo ikiletwa mbele yenu, tafuteni mstari wa zimamoto: kituo kwa kila komini, maji yake, mishahara ya watu wake. Usipokuwapo, ikataeni bajeti hiyo.