Ilani ya Wazazi wa Matongo: Tunaanza na Nauli

Sisi wazazi na walezi wa Matongo, Tarime, tuliowahi kulala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto mwenye saratani wodini, tumeungana.

Ugonjwa huu si mgeni mkoani Mara. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa nchi zetu zenye malaria. Kati ya 1977 na 1982 watafiti waliwagawia watoto wa Mara Kaskazini, huko tambarare za ziwa, dawa ya klorokwini, waone kama malaria ikizuiwa saratani hiyo nayo itapungua. Watoto wa Mara wamo katika vitabu vya dunia. Lakini hadi leo taya ikivimba tunaanza na jino. Linang'olewa, majirani wanataja mkono wa mtu, na wiki zinakwenda. Uvimbe huo huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Huohuo, ukiwahiwa, hunywea upesi mbele ya dawa.

Kuwahi ni kufika hospitali ya Bugando, Mwanza. Bodaboda hadi Nyamongo, gari la Tarime, kisha basi linalopita Bunda na Magu, mtoto mwenye homa mapajani. Safari moja tunaimudu. Dawa za saratani, hata hivyo, huja kwa mizunguko, na katikati mtoto huonekana mzima: taya imenywea, anakimbizana na wenzake. Hapo baba husema, "Si amepona? Mtamba aliyebaki tumuuze kwa nini?" Mama ana wengine wanne nyumbani na mahindi yamezongwa na magugu. Hatumcheki yeyote, maneno hayo tumeyasema wenyewe. Mzunguko ukiachwa, ugonjwa huweza kurudi, tena mkali zaidi.

Nauli ya mizunguko yote itoke wapi? Dhahabu inachimbwa hapa kwetu. Ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo, unaingia halmashauri. Tunadai fungu litajwe katika bajeti kwa jina lake: nauli na chakula cha mtoto mwenye saratani na mzazi wake, mpaka mzunguko wa mwisho. Hisani ya kupigia picha hatuitaki. Na katika zahanati, mtoto mwenye taya iliyovimba, tumbo lililojaa upande mmoja, au mboni inayong'aa nyeupe apewe rufaa ya kupimwa saratani siku hiyohiyo.

Nasi tunajifunga. Hatutasema mtoto amelogwa, wala kwamba mama yake ana mkosi. Baba naye atakwenda kulala wodini. Akina mama wamelala huko vya kutosha. Shamba la aliye Mwanza litapaliliwa kwa zamu. Na mtu akileta ng'ombe mnadani ili mtoto apande basi, tutamlipa bei ya siku ile, ingawa tunajua ana haraka.