Riwaya za Mapenzi Yadumuyo Ziko Wapi?

Mwanafunzi aliyezisoma kwa makini riwaya zetu mashuhuri za Kiswahili hukaribia kuamini kwamba mapenzi ni mtego. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), binti aliyelelewa kwa ukali anaangamia. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anaitoroka nyumba iliyomfungia na kutumbukia katika ukahaba. Sizibezi kazi hizi. Ni nguzo za fasihi yetu, nami nimezifundisha kwa fahari. Ninalouliza ni hili: je, mapenzi yanayodumu, yanayorithiwa na kizazi baada ya kizazi, hayastahili riwaya?

Tulitazame jiji la Nairobi. Maisha ya katikati ya jiji yalimpa David Maillu hadithi ya After 4:30 (1974), inayosimulia yanayojiri baina ya wanawake wa maofisini na wakubwa wao saa za kazi zikiisha. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake. Kenya vilinunuliwa kwa pupa. Upande wa magharibi, mtaani Karen, nyumba ya Karen Blixen ni makumbusho tangu mwaka 1986. Wageni hufika kusikia habari za mpenzi wake, Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1931 na kuzikwa katika milima ya Ngong. Filamu ya mwaka 1985 kuhusu maisha yao ilitwaa tuzo 7 za Oscar. Hivyo basi, dunia inayajua mapenzi ya walowezi wawili yaliyokatizwa na mauti, nasi twayajua mapenzi ya jioni moja.

Lakini mbali na katikati ya jiji na Karen kuna Kangemi, Kawangware na Dagoretti. Humo wanaishi wajukuu wa watu waliopendana katika nyakati ngumu mno. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini awe kibarua, si mume. Alipewa kipande na kitanda cha kapera, mkewe akabaki kijijini akilima. Kisha, Aprili 1954, Operesheni Anvil ikalikumba jiji. Maelfu kwa maelfu ya wanaume wakasombwa na kupelekwa vizuizini. Wapo wake waliongoja miaka mingi bila kujua kama waume zao wangali hai. Wapo waliorejea wakakuta jiko lingali linawaka. Wapo pia waliokuta majivu. Mwandishi atafute nini zaidi?

Najua watakaonijibu kwamba riwaya za mapenzi zitawapotosha wanafunzi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama wanafunzi wasingekuwa wanazisoma tayari. Vitabu vya Mills & Boon vimeuzwa mitumba kando ya njia za jiji kwa miaka mingi, navyo havikuhitaji kibali cha mwalimu. Kijana atajifunza mapenzi mahali fulani. Afadhali ajifunze kwa nyanya aliyengoja kuliko kwa tajiri wa kubuni katika kasri la Uingereza.

Wala tusidhani kwamba masimulizi ya vizazi yatamchosha. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inamfuata Kongowea kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta babake, na darasa lisilopenda kusoma huisoma hiyo. Kijana hutaka kujua alitoka katika mapenzi ya nani.

Shida ni kwamba wakati hautungoji. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 sasa amepita 90, na kila mazishi yanaondoka na sura nzima ya kitabu. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: likizo ijayo, insha iwe moja tu. Mwanafunzi aende kwa babu, nyanya au jirani mkongwe, aulize, “Mlikutanaje, na ni nini kilichowaweka pamoja?” Ayaandike majibu kwa Kiswahili sanifu. Miongoni mwa madaftari hayo yumo mwandishi wa riwaya tunayoingoja.