Mwalimu asiyejua kusoma daftari la mwanafunzi wake



Miaka kadhaa iliyopita niliketi nyuma ya darasa moja, nikimtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha. Msichana asiyeona alimpa karatasi yake ya nukta nundu. Kijana akaipapasa, akatabasamu, akasema: « Vizuri sana, mwanangu. » Mtoto akanyosha mkono, akaigusa karatasi, akaigeuza bila kusema neno. Ilikuwa imeshikwa juu chini.

Simlaumu kijana yule. Sisi tuliomfundisha hatukumpa hata saa moja ya maandishi hayo, na bado tulimtilia sahihi.

Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto mdogo, alitangaza maandishi yake mwaka 1829: nukta sita tu, zinazotoa alama 63. Watu husema basi ni kazi ya wiki moja. Alfabeti, labda. Lakini kwa kibao na msumari mtu huandika kutoka kuume kwenda kushoto, kila alama ikiwa kinyume, ili karatasi ikipinduliwa isomeke sawasawa. Tena hapa Panda mtoto huanza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa. Nukta zote sita pamoja, kwa Kifaransa ni herufi é. Katika maandishi ya Kiingereza yaliyofupishwa ni neno zima. Mwalimu asiyelijua hilo atapokea kitabu cha msaada na kumpotosha mtoto kwa moyo mwema.

Kwa hiyo nadai hivi: asikabidhiwe mtu kumfundisha mtoto asiyeona kusoma kabla hajafaulu mtihani wa kuandika kwa msumari na kusoma ukurasa katika lugha zote mbili. Anayeona asome kwa macho, yatosha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015, unataka katika kifungu cha 24 waajiriwe walimu wenye ujuzi huo, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Hao ningewaita kwanza.

Wengine hunijibu kwamba siku hizi simu husoma kwa sauti. Haya, iambieni isome eau, haut na au. Sikio husikia o mara tatu; mtoto ataandika nini?

Pingamizi zito ni jingine: tukidai mtihani, walimu watapungua, na mishahara yao mnaijua. Nakubali. Ndiyo maana mafunzo yatangulie mtihani, na yawe ya bure, hata jioni katika jumba la parokia.

Bwana Yesu alimwuliza Bartimayo anachotaka kabla ya kumponya. Mwulizeni vilevile jirani yenu wa shirika asiyeona. Huenda atajibu kwamba anataka kusoma mwenyewe somo la Misa, mbele ya watu wote.

Nanyi mtakaoingia masomo ya ualimu mwezi wa tisa, njooni mnione kabla. Kibao ninacho kimoja, tutapokezana.