Kufundisha Kumbukumbu ya Mashine: Tuanze na Kusoma

Imezuka desturi, katika masomo ya sayansi na teknolojia, ya kumtaka mwanafunzi akariri majina ya vyombo vya kuhifadhia habari: diski, kadi, chipu na kadhalika. Akishayataja yote kwa mfululizo, mwalimu huridhika na kumpa alama. Sisi twaona kwamba hilo bado si somo. Habari iliyohifadhiwa haina faida mpaka isomwe. Kwa hiyo somo la kumbukumbu lapaswa kuanzia kwenye kusoma.

Tuchukue mfano wa kadi ya kumbukumbu isomwayo kwa mwanga, ambayo kampuni ya Jerome Drexler ilianza kuitengeneza huko California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukubwa wake ni sawa na wa kadi ya benki, nayo ina utepe ung'aao kama kioo. Mwali wa leza huchoma katika utepe huo vidoa vidogo mno visivyofutika. Wakati wa kusoma, mwali dhaifu zaidi humulika utepe. Penye kidoa, mwanga hurudi kidogo. Pasipo kidoa, hurudi mwingi. Kihisi hupima tofauti hiyo, na kompyuta huigeuza kuwa tarakimu 0 na 1. Utepe wa sumaku wa kadi ya kawaida hubeba herufi mamia machache tu. Kadi hii ilibeba mamilioni.

Hata hivyo, wingi huo haukuidumisha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Marekani iliuweka utepe huo nyuma ya kadi za wageni wenye ukaazi wa kudumu. Katika muundo mpya ulioanza kutolewa Mei 1, 2017, utepe uliondolewa. Kadi za zamani zingali na vidoa vyake, lakini asiye na mashine ya kuvisoma huona mng'ao mtupu.

Jambo hili laweza kufundishwa vizuri kwa zana za ufaraguzi. Wanafunzi wabandike karatasi ing'aayo juu ya kadi ngumu, waigawe katika safu zenye vyumba vitano vitano, kisha wabandike vipande vya karatasi nyeusi katika baadhi ya vyumba. Cheusi kiwe 1, king'aacho kiwe 0. Vyumba vitano hutoa mipangilio 32, nayo yatosha herufi zote za alfabeti yetu. Kama A ni 00001 na B ni 00010, safu nne zaweza kuandika BABA. Mwanafunzi mmoja amulike kwa tochi, wa pili ataje kama mwanga umerudi au la, wa tatu aandike tarakimu, wa nne atafute herufi katika jedwali. Kadi halisi hutumia utaratibu mgumu zaidi, lakini msingi ni huo huo.

Kisha mwalimu aliondoe jedwali na kuwapa kundi jingine kadi ile ile. Wataviona vipande vyote vyeusi bila kupata neno hata moja. Hapo ndipo watakapoelewa kwamba kumbukumbu huhitaji mambo matatu: alama, chombo cha kuisomea, na mapatano juu ya maana yake.

Wako watakaouliza kwa nini mtoto wa shule ya msingi afundishwe kadi ambayo huenda asiione kamwe. Twajibu kwamba hafundishwi kadi, afundishwa kanuni. Mtoto huyo atakapokuwa karani, mganga au mwalimu mkuu, ataletewa vyombo vipya na kuambiwa vina nafasi kubwa ya kuhifadhi. Aliyekariri majina atavipokea kwa furaha. Aliyefundishwa kusoma atauliza kwanza: vitasomwa kwa chombo gani, na chombo hicho kitapatikana kwa muda gani?

Wanachuo wapenzi, maandalio yenu ya masomo yawaelekeze watoto kwenye swali hilo.