MASHAURI YA PIKIPIKI: Uchafu Uliogandamana

Msomaji wetu mmoja akaaye Lukenya, ambaye hupeleka maziwa kwa pikipiki kila asubuhi, ameuliza jinsi ya kuondoa uchafu ulioshika injini yake kama lami. Asema amekwisha kuukwangua kwa kisu na kwa waya, na uchafu ungalipo; rangi ndiyo iliyotoka. Swali hili ni la wengi, nasi twalijibu hapa.

Jambo hili si la urembo tu. Injini nyingi za pikipiki zetu hupozwa kwa upepo upitao katika mapezi yake. Mapezi yakizibwa, joto halina pa kutokea, na injini huchakaa kabla ya wakati wake. Tena matope huficha ufa wa chuma, spoki iliyolegea, na nati iliyo karibu kuanguka. Aoshaye pikipiki kwa mikono yake huviona hivi mapema, kabla havijamwangusha njiani pamoja na maziwa yake.

Yafaa kujua ya kuwa uchafu si wa namna moja, na kila namna ina dawa yake. Lakini kwanza injini na ipoe, nawe uzibe mdomo wa bomba la moshi kwa mfuko wa plastiki.

Wa kwanza ni vumbi la saruji, limpatalo mtu afuataye malori ya Athi River, mji wa viwanda vya saruji tangu miaka ya 1950. Hili usilianze kwa maji, maana saruji ikilowa hugeuka jiwe. Lipanguse lingali kavu kwa brashi laini, nawe umefunika pua. Likiwa limekwisha kuganda, paka siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ngoja dakika chache, usugue, kisha suuza sana, kwa kuwa siki ikikaa hula alumini.

Wa pili ni udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti, ambao hunata wakati wa mvua na kukauka kama tofali. Huu hautaki nguvu, wataka subira. Maji ni haba Ukambani; basi tandaza gunia lililolowa juu yake kwa nusu saa, kisha uutoe kwa kijiti. Gunia moja lafanya kazi kuliko ndoo nyingi za kurushia.

Wa tatu ndio huo wa msomaji wetu: mafuta yaliyochanganyika na vumbi. Chukua mafuta ya taa kidogo na mswaki wa zamani, usugue polepole, kisha osha kwa maji ya sabuni. Usitumie petroli, kwani mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Mafuta yasiguse breki wala mipira. Wala usisafishe mnyororo huku injini ikizunguka. Kidole kikiingia katika meno yake hakirudi. Mafuta yaliyochafuka yaweke katika kopo, usiyamwage mtoni. Mto Athi ndio uitwao Sabaki karibu na Malindi, na watu wengi wautegemea njiani mwote.

Twaonya pia juu ya mashine zinazorusha maji kwa nguvu. Kazi yao ni ya haraka, lakini maji hupenya katika beringi za magurudumu na kuondoa grisi, na kutu huanza pasipo kuonekana.

Mwisho, kausha kwa kitambaa, tia mnyororo oili mpya, maana mafuta ya taa yameondoa ile ya zamani, nawe uendeshe polepole ukijaribu breki mara kadhaa, kwa kuwa breki iliyolowa haishiki vema.

Kazi hii yote haimalizi saa mbili. Afanyaye kila Jumamosi hatahitaji kisu wala waya.

Juma lijalo: jinsi ya kukaza mnyororo.