Mpaka wa Uhuru wa Ulimi

Watu wa namna mbili hawafai kukabidhiwa mpaka wa uhuru wa kusema: yule adaiye kuwa neno ni upepo tu, na mtawala aitaye kila lawama chuki.

Wa kwanza na aitazame Rwanda. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwaita Watutsi mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, ilitaja watu kwa majina na mahali walipokuwa, ikawahimiza wauaji. Mithali yasema mdomo huponza kichwa. Hapa mdomo wa mmoja uliponza vichwa vya wengine. Je, huo ulikuwa upepo?

Wa pili na aisome sheria ya mwaka 2008, ambayo Rwanda iliitunga dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari. Sababu yake ilikuwa nzito, lakini maneno yake yalikuwa mapana hata yakaweza kumnasa mkosoaji pamoja na mchochezi. Ilibidi ibadilishwe mwaka 2013, na tena 2018.

Basi mpaka u wapi? Majaji wa rufani wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoketi Arusha, waliuonyesha mwaka 2007. Matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya rais ilipotunguliwa, yalijaa chuki. Lakini hayakuthibitika kuwa wito wa moja kwa moja wa kuangamiza watu. Baadhi ya yaliyofuata yalithibitika. Wako wauonao uamuzi huo kuwa ni udhaifu. Sivyo. Jinai haipimwi kwa uchungu wa neno masikioni, bali kwa kazi ambayo neno limetumwa kuifanya. Amtukanaye jirani kwa kabila lake astahili kujibiwa na kuaibishwa. Awaonyeshaye wenye mapanga mlango wa jirani ni mwuaji mwenzao.

Lakini lisiloadhibiwa na sheria halikuhalalishwa. Chuki iliyotangulia Aprili ilihitaji watu wa kuijibu mapema, kwa hoja na kwa ujasiri. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa redio ile, alikuwa mwanahistoria wa chuo kikuu. Elimu haikumzuia. Msomi anyamazaye mbele ya uwongo juu ya kabila la watu humwachia hakimu kazi. Na hakimu, kwa desturi yake, hufika baada ya mazishi.